Mkono Wetu Usiwemo

Siku Funguo alipovua sare ya askari magereza, kanisa zima lilihamia kwenye karakana ya Fundi. Nyimbo ziliimbwa, machozi ya furaha yakatoka, na chai ikaongezwa maji mara nyingi mpaka ikasahau kwamba iliwahi kuwa chai. Mgeni wa heshima alikuwa Funguo, lakini aliyetembea kifua mbele ni Fundi. Na kwa nini asivimbe? Yeye ndiye mzee wa kanisa, na yeye ndiye aliyemwandama Funguo miaka nenda miaka rudi, msibani na harusini, mpaka mwenyewe akanyoosha mikono akasema basi, naacha kazi. Walikuwa mashemeji hawa wawili. Mke wa Fundi alikuwa dada yake Funguo, na jina la Funguo alibandikwa na watoto wa mtaani kwa ajili ya lile rundo la funguo lililokuwa likilia kiunoni mwake kila akipita.

Kanisa lao lilikuwa dogo, la watu wanaojuana mpaka kwa kikohozi. Makanisa makubwa yaliwacheka kwa jambo moja: walifundisha kwamba Mkristo hashiki bunduki, haapi mbele ya serikali, na havai sare ya mtu mwenye ruhusa ya kumpiga mwenzake. Kodi walilipa, barabara walifagia, lakini hapo walikomea. Kila aliyebatizwa alikuwa na kikombe chake cha mti kwa ajili ya Meza ya Bwana. Fundi alivikereza vyote kwa mkono wake, vikapangwa kwenye rafu nyuma ya mimbari. Mtu akiasi, kikombe chake kilifudikizwa, mdomo chini, mbele ya wote, na hakuna wa kukiinua mpaka atubu. Ukisikia watu wanasema fulani amefudikizwa, ujue wanashusha sauti kama wanataja ugonjwa mbaya.

Funguo alikuwa amebishana sana kabla ya kukubali. Hakuwa mjinga, na Biblia aliisoma kwenye zamu zake.

"Shemeji," alikuwa akisema, "wale askari waliomfuata Yohana kule mtoni, aliwaambia waache kazi? Aliwakataza kuonea watu, basi. Sasa mimi nimemwonea nani? Mle ndani mimi ndiye ninayewapitishia wagonjwa dawa zao. Nikitoka mimi, nani atawapitishia?"

"Mungu hakosi watu," Fundi alimjibu, na alijibu haraka, maana swali hilo hakutaka likae sana hewani.

Kusema haki, Fundi hakuwa mtu wa kuwatwisha wengine mzigo ambao yeye mwenyewe hauwezi. Mwaka uliotangulia, kazi ilipokuwa imekauka kabisa, mkuu wa kituo cha polisi alimletea oda ya mabenchi, mengi, ya mbao nzuri. Fundi aliikataa papo hapo. Mwanawe, ambaye siku hizo alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kushika randa, alishangaa.

"Lakini baba, benchi halimpigi mtu."

"Anayelikalia ndiye anayepiga. Mkono wetu usiwemo, mwanangu, hata kwenye msumari."

Mwezi ule walikula kwa shida, na kijana hakulalamika hata siku moja. Kinyume chake, alikwenda kuwasimulia wenzake wa kwaya jinsi baba yake alivyomrudisha mkuu wa kituo na oda yake, na akilisimulia alikuwa anasimama wima kabisa. Alikuwa mtoto wao wa pekee. Alizaliwa na pumu, kifua kikilia tangu akiwa mchanga, na mama yake akamwita Filimbi kwa kumtania, jina likaganda. Hakuwahi kwenda popote bila pampu yake ya kuvuta mfukoni. Fundi alimpenda mno, ingawa kumwambia hakumwambia, maana alidhani kumfundisha msimamo ndiyo kumwambia.

Basi Funguo akawa mwanafunzi wa useremala akiwa na mvi. Ilikuwa vituko vitupu. Mtu aliyefunga milango maisha yake yote alishindwa kutengeneza hata mmoja unaofunga. Mlango wake wa kwanza ulikataa kuingia kwenye fremu, wa pili uliingia ukakataa kutoka, na mama mmoja aliyeletewa kabati lake aliuliza kama hayo mawimbi ni mtindo mpya. Filimbi alicheka mpaka akatafuta pampu.

"Mjomba, bawaba zinaangalia huku!"

"Mle ndani zilikuwa zinaangalia kule," Funguo alimjibu, na wote watatu wakacheka, wamejaa maranda mpaka kwenye nyusi. Mama Filimbi akiwaletea uji alikuwa anasimama mlangoni kidogo kuwatazama. Zilikuwa siku nzuri zile. Hazikudumu.

Mambo ya mpakani yakaharibika. Redio ilianza kwa kusema ni vurugu ndogo, halafu ikaacha kusema chochote ikapiga muziki wa bendi, na watu wazima wakajua. Punde likatoka tangazo kwamba kila kijana wa kiume aliyemaliza shule aripoti jeshini, atakayekataa ni gereza, na mle gerezani atakaa mpaka atakapokubali kuapa. Mtaa wao ulikuwa wa kwanza kuitwa, na katika kanisa lao kijana wa kwanza aliyefikiwa na wito alikuwa Filimbi.

Hapo palikuwa na njia ya kutokea, na kila mtu aliiona. Wenye maradhi walisamehewa. Kilichotakiwa ni kwenda kupanga foleni kambini, daktari wa jeshi akusikilize kifua, akurudishe nyumbani. Kwa kifua cha Filimbi, hata daktari kiziwi angesikia.

"Nenda tu, mwanangu," mama yake alimsihi. "Si kuapa huko. Ni kupimwa tu."

Filimbi aliutua msasa mezani. "Mama, nikienda kupimwa nitakuwa nasema ningekuwa mzima ningekwenda kupigana. Na mimi hata ningekuwa na mapafu ya farasi nisingekwenda. Kwa nini nijifiche nyuma ya pumu?"

Mama alimgeukia mumewe. Macho yake yalikuwa yanaomba waziwazi. Fundi alikuwa na la kusema, tena lilikuwa limeshafika kwenye ulimi: nenda, mwanangu, ukapimwe, hakuna dhambi hapo. Lakini pembeni kijana alikuwa anamtazama kwa namna ileile aliyomtazama siku ya mabenchi, na Fundi akaona fahari inampanda kifuani, akashindwa kuishusha.

"Amesema kweli," alisema.

Mama Filimbi akachukua bakuli za uji na kutoka nazo, nyingine zikiwa bado zimejaa.

Walikuja kumchukua mchana kweupe. Askari hawakuwa wakali, walikuwa wamechoka, na mmoja aliomba maji ya kunywa akapewa. Filimbi alijifuta vumbi, akambusu mama yake, akapiga mfuko wake mara moja kuhakikisha pampu ipo. Vijana wenzake wa kwaya, wakiongozwa na mpiga gitaa, walimsindikiza wakiimba mpaka gari lilipokata kona. Mtaa mzima ulitoka kuangalia, wengine wakitikisa kichwa, wengine wakilia tu bila kujua upande waliopo.

Pampu ile walimnyang'anya langoni. Habari ilifika kupitia kwa mfungwa aliyemaliza kifungo chake. Vitu vyote vya mfukoni huchukuliwa, alisema, na kijana wenu anahema kwa shida, ila anaimba. Kesho yake asubuhi Fundi alikuwa mbele ya lango la gereza, ameshika pampu mpya ndani ya mfuko wa karatasi.

Lango lilikuwa la chuma, limepakwa rangi ya kijivu juu ya kutu, na lilikuwa na kidirisha kidogo cha kuongelea. Nyuma yake alikaa askari kijana, pua imefura mafua. Kwa wale waliokataa kuapa hakukuwa na ruhusa ya kutembelewa. Hilo Fundi alilijua. Alikuwa anaomba kitu kimoja tu.

"Dawa ya nje haipiti, mzee. Inapitia zahanati ya ndani."

"Basi ipeleke zahanati."

"Imefungwa. Mganga amepelekwa mpakani." Askari alipenga kamasi, akamwonea huruma kidogo. "Zamani ingewezekana. Nimeambiwa alikuwepo hapa mkubwa mmoja, mtu mwema kweli, alikuwa akiwapitishia wagonjwa vitu kama hivi na hakuna aliyemgusa kwa sababu alikuwa na cheo. Aliacha kazi. Wanasema ameokoka."

Fundi alisimama pale na mfuko wake wa karatasi. Alitaka kucheka na alitaka kukaa chini, na hakufanya lolote. Nyuma yake mama mmoja alimwomba asogee, naye ana mtu wake.

Nyumbani Mama Filimbi alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akimsubiri. Aliiona pampu ingali mkononi mwake, akaelewa kila kitu. Kwa muda mrefu alikuwa mke wa mzee wa kanisa, amezoea kumeza maneno. Siku hiyo hakumeza.

"Ulimtoa ndugu yangu mle ndani," alisema. "Ulimtoa ukamleta hapa umfundishe kupiga randa. Hata randa yenyewe haijui. Halafu ukamwachia mtoto wangu aingie. Mungu hakosi watu, si ndivyo ulivyosema? Haya, wako wapi?"

Hakupiga kelele. Fundi angependa apige kelele.

Magereza yalikuwa yanahangaika. Askari wengi walikuwa wamepelekwa mpakani, na waliobaki hawakutosha, kwa hiyo waliostaafu na walioacha kazi waliitwa warudi. Atakayerudi hakuulizwa kitu, aape upya tu, apewe sare. Redio ilikuwa ikilitangaza hilo kila asubuhi, na kila asubuhi Funguo aliizima redio ya karakana na kuendelea kupiga msasa, bila kumtazama shemeji yake.

Siku hiyo Fundi hakumwacha aizime.

"Shemeji," alisema. "Umesikia wanavyosema."

Funguo aliweka msasa chini. "Nimesikia."

"Ungeweza kurudi."

"Nani ananiomba? Shemeji yangu au mzee wa kanisa?"

Fundi alishika ukingo wa meza ya kazi. Mbele yake kulikuwa na vumbi, misumari, na chombo cha gundi iliyokauka pembeni. "Ni baba yake Filimbi," alisema.

Funguo alikuwa mtu wa mzaha, lakini sasa uso wake ulikuwa umezeeka ghafla. "Unajua ulichonifanyia?" aliuliza. "Nililia siku ile nilipopewa kikombe. Mtu mzima mimi. Nilikuwa nimesubiri miaka mingi kukaa mezani na dada yangu. Sasa unaniambia nikaape tena, kwa mdomo wangu, nikijua maana yake. Kwanza nilikuwa naapa kwa ujinga. Mara hii nitaapa kwa makusudi."

"Najua."

"Na Jumapili mtanifudikiza."

"Nitazungumza nao. Nitawaeleza mimi ndiye niliyekutuma."

"Utawaeleza?"

"Nitawaeleza."

Funguo alifunga macho kidogo. Halafu akaenda kuvua aproni, akaikung'uta maranda vizuri, akaitundika.

Aliapa wiki hiyohiyo. Hawakumpa cheo chake cha zamani. Walimweka langoni kwanza, akae kwenye kidirisha kile, wamwone kama kweli amerudi kwa moyo. Jumapili ikafika kabla hajapata nafasi ya kuingia mabwenini, na habari za kiapo chake zikafika kanisani kabla ya kengele.

Mchungaji, mzee mpole aliyekuwa akilia hata kwenye ubatizo, alisimama akasema mmoja wetu ameirudia bunduki. Akamgeukia Fundi. Desturi ilikuwa kwamba aliyekikereza kikombe ndiye anayekifudikiza. Fundi aliinuka. Maneno aliyokuwa ameyapanga toka nyumbani yalikuwa yamejaa mdomoni: ndugu zangu, mimi ndiye niliyemtuma. Alifika mbele ya rafu. Nyuma yake, kwenye benchi la mbele, vijana wa kwaya walikaa wamenyooka, wito wao wenyewe ukiwa njiani, wakimtazama baba wa mwenzao aliyeko gerezani kwa ajili ya imani. Alijiambia nikisema sasa hivi nitawavunja hawa watoto. Alijiambia nitasema Jumapili ijayo, mambo yakitulia. Mwanadamu akitaka kuogopa hakosi sababu nzuri. Alinyoosha mkono akakifudikiza kikombe cha Funguo, na alifanya polepole, ili kisigonge ubao.

Njia nzima ya kurudi nyumbani Mama Filimbi alitembea mbele yake.

Jumatatu walikamata kijana mwingine wa kanisa, wakamweka chumba kimoja na Filimbi. Jumatano Funguo alipita karakana akiwa na sare, akasimama nje, maana aliyefudikizwa haingii kwa ndugu bila kukaribishwa, naye alikuwa ameamua kushika adabu zote. Fundi alitoka mbio, vumbi la mbao usoni. Mama Filimbi alitoka jikoni mikono ikichuruzika maji.

"Nimeingia," Funguo alisema. "Nimemwona. Ana hali mbaya, shemeji, sikufichi. Amekaa ameegemea ukuta maana akilala hapumui. Nikampa pampu."

"Mungu akubariki," alisema Mama Filimbi, na hapo akaanza kulia kwa nafuu. "Mungu akubariki, kaka."

"Ngoja kwanza, dada. Hakuipokea."

Mtaani baiskeli ilipita, kengele yake ikalia bila sababu.

"Aliniangalia nilivyovaa," Funguo aliendelea, "akaniuliza, mjomba, umeapa? Nikamwambia nimeapa, ndiyo, lakini vuta kwanza tutazungumza baadaye. Akasema, 'Umeapa kwa ajili yangu. Nikiivuta hii nitakuwa nimeapa na mimi. Baba alikataa hata kuwatengenezea benchi.' Nikamwambia, mwanangu, baba yako ndiye aliyenituma! Nilimwapia. Nilipiga magoti, mimi na sare yangu, mbele ya wafungwa. Akatabasamu. Unajua alivyonijibu? 'Baba hawezi kusema hivyo, mjomba. Baba mwenyewe ndiye aliyekifudikiza kikombe chako. Ameniambia huyu.' Akanionyesha yule mwenzake mpya. Basi nikajaribu kumtia mdomoni kwa nguvu, akafunga meno. Pampu nimemwachia mfungwa aliye mkubwa wa chumba chao, nimemwambia akibanwa tu ampe."

Fundi aliegemea mlango. Ulikuwa mlango wa Funguo, ule wa pili, na ulilia ukimpokea. Aliona lilivyokwenda, hatua kwa hatua, na kila hatua ilikuwa na mkono wake. Kikombe alichokigeuza kwa uangalifu ili kisipige kelele ndicho kilichomfunga mwanawe mdomo.

"Kamwambie tena," alisema. "Mwambie nimesema mimi. Mwambie ni amri."

"Shemeji, hataamini. Mimi kwake ni muasi. Lazima asikie kwa mtu wa kanisa kwamba umesimama mbele ya watu ukakiinua kile kikombe. Kuna vijana wanakamatwa kila siku, habari itafika ndani."

"Jumapili," Fundi alisema. "Jumapili nitasimama."

"Leo Jumatano," alisema Mama Filimbi.

"Kanisa linakutana Jumapili. Jambo kama hili lina utaratibu wake, haliwezi..."

Mke wake alimtazama. Alimtazama kama mtu anayesoma bango la barabara lililofutika, akitafuta pale pameandikwa nini zamani. Alirudi jikoni. Fundi alibaki na utaratibu wake.

Alhamisi alijaribu njia yake mwenyewe. Wafungwa hupelekwa kulima mashamba ya gereza, na njia yao inapita kando ya uzio, kwa hiyo alikwenda akasimama hapo toka alfajiri. Walipopita aliita kwa sauti yake yote: Filimbi! Ni mimi baba yako! Ipokee dawa! Askari walimfukuza. Mfungwa mmoja aligeuka bila kusimama, akasema, "Yule haamki siku hizi, mzee. Hatoki." Fundi aliendelea kuita hata baada ya mstari wao kupotea, mpaka sauti ikamkauka, na kuta zilikuwa nene.

Ijumaa aliamka akaenda kwa mchungaji. Hatimaye alikuwa ameshindwa kungoja. Alimwambia yote sebuleni kwake, na mzee wa watu akalia, akasema kwa hakika tuwaite wote leo jioni, kwa nini tungoje. Wakatuma watu mlango kwa mlango. Saa ya kukutana ilipokaribia, Funguo alifika kanisani akiwa amevua kofia, na Fundi alipoiona ile kofia mkononi hakuhitaji kuambiwa.

Pumu ilikuwa imembana Filimbi mchana. Wenzake waligonga mlango, mkubwa wa chumba akamtia pampu mdomoni, na mwishowe, inaonekana, hakukataa. Lakini pumzi za kuivutia hazikuwepo tena.

Walimzika Jumamosi. Kanisa lilijaa mpaka nje, hata wale wa makanisa makubwa waliokuwa wakicheka walikuja, na safari hii hawakucheka. Mchungaji alijaribu kuhubiri akashindwa. Mpiga gitaa akasimama badala yake, kijana mrefu mwenye macho ya kung'aa, akasema Filimbi ametufungulia njia. Alisema alipewa uzima akaukataa kwa sababu bei yake ilikuwa kiapo. Alisema sisi tuliobaki tunaitwa Jumatatu, na tunajua sasa inavyofanywa. Kanisa likaitikia amina moja nzito, na watu wazima waliwatazama wale vijana kwa mapenzi na hofu.

Fundi alisimama. Hakuna aliyekuwa amemwita. Alikwenda moja kwa moja kwenye rafu, akakiinua kikombe cha Funguo akakisimamisha, halafu akageuka.

"Mimi ndiye niliyemtuma shemeji yangu akaape," alisema. "Mimi. Kisha nikamgeuzia kikombe mbele yenu kwa sababu niliwaogopa. Mwanangu alikufa akidhani baba yake ni mtu asiyeweza kusema achukue dawa. Nilisema. Nilimtumia neno aichukue. Sijui kama Mkristo anaweza kuvaa sare ama hawezi. Nilikuwa najua sana, sasa sijui. Ila najua nilitaka aishi. Nanyi watoto, nawaomba, nawasihi, Jumatatu nendeni. Nendeni mkapimwe, mkaape, mfanye watakavyo, mrudi kwa mama zenu."

Likaja wimbi la huruma, na ndilo lililommaliza. Mama mmoja wa mbele alitikisa kichwa akasema, "Maskini, uchungu wa mtoto." Mwingine akasema, "Mwacheni alie, msimzuie." Mchungaji, ambaye alijua ukweli, alifungua mdomo, na kwikwi ikamkaba. Mama Filimbi alipaza sauti kutoka alipokaa, "Ni kweli! Anayosema ni kweli!" na wanawake wakamkumbatia pande zote, wakimbembeleza, nyamaza mama, nyamaza, Mungu anajua. Aliyeweza kutoa ushahidi alikuwa Funguo, lakini Funguo alikuwa nje kwenye dirisha na sare yake, ameomba ruhusa ya muda mfupi, na neno la mtu kama yeye lilikuwa halihesabiwi. Mzee mmoja alinyanyuka taratibu, bila hasira yoyote, akakirudisha kikombe kama kilivyokuwa.

Jumatatu Fundi alikwenda kwenye ngazi za kanisa mapema. Vijana walikuwa tayari wamekaa pale wanalisubiri gari la kuwapeleka gerezani, wamevaa nguo za Jumapili, gitaa limeachwa nyumbani. Aliwaomba mmoja mmoja. Aliwashika mikono, akawaambia majina ya mama zao, akawaambia jinsi mtu anavyohema akikosa hewa. Walimsikiliza wote kwa heshima, kama mtoto mwema anavyomsikiliza mzee wake. Gari lilipofika, mpiga gitaa alimkumbatia kwa nguvu.

"Tunajua hukumaanisha yale ya juzi, mzee," alimwambia sikioni. "Usijali. Hatutakuangusha."

Wakapanda mmoja baada ya mwingine, na Fundi alikuwa bado anaongea walipofunga mlango wa nyuma.